Basi la Chura Halitupati

Chinatsu Orihara hakuwahi kumaliza kitu maishani mwake. Hilo si tusi langu, ni maneno ya mama yake mzazi. Chuo cha uuguzi aliacha katikati. Leseni ya gari aliiacha baada ya kugonga nguzo ya uwanja wa mafunzo kwa mara ya pili. Ndoa nayo ikamshinda, akarudi Okunuma na mabegi mawili na mtoto mgongoni, na katika mji kama wetu mwanamke akirudi kwao, habari humtangulia kabla hajavua viatu mlangoni.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," mama yake, Bi Sumie, alimwambia siku ile ile. "Wewe huvua nguo, ukachovya kidole, ukasema maji ya moto."

Chinatsu akapata kazi kwenye banda la liki, vile vitunguu virefu vyeupe vinavyoulisha mji wetu, na tangu hapo kazi yake ni kuvipuliza maganda kwa bomba la upepo tangu asubuhi hadi jioni. Harufu haitoki hata uoge mara tatu. Mwanawe Kanta alikuwa akilala amezika pua kwenye shingo yake na kusema mama ananuka supu.

Sasa, kila Januari, upepo mkavu ukishuka milimani na kupasua midomo ya watu, Okunuma tuna mbio za mzazi na mtoto. Sheria kubwa ni moja, na mtoto huijua kabla hajajua kuandika jina lake: mnavuka mstari wa mwisho mmeshikana mikono. Ukifika wewe mtoto akawa nyuma, hujafika. Sheria nzuri, ilitungwa na watu wenye mapenzi, na kwa sheria hiyo hiyo kina baba wetu huwaburuta watoto wao kama mabegi ya magurudumu ili wapate medali. Mimi nimeyaona kwa macho yangu, mwaka baada ya mwaka, na makofi tunapiga.

Nyuma ya wote huja basi. Barabara kuu haiwezi kufungwa asubuhi nzima, kwa hiyo wanaochelewa huokotwa. Basi lenyewe huazimwa shule ya chekechea. Limepakwa rangi ya kijani, na juu ya kioo cha mbele limewekewa macho mawili yaliyotumbuka. Ni chura. Watoto wa chekechea hulipenda kufa. Lakini mtoto wa shule ya msingi akionekana ndani yake, afadhali angekutwa amelowesha suruali.

Mwaka uliopita Kanta alikuwa darasa la kwanza. Alishikwa na kichomi kabla ya daraja, akakaa chini, akalia, na Chinatsu hakubishana na mtu. Mlango wa basi ulifunguliwa, wakapanda. Wakapitishwa mbele ya mji mzima, paji la uso la Kanta limeganda kwenye dirisha. Kuanzia Jumatatu jina lake likawa Chura. Mwanzilishi alikuwa Tessei, mtoto wa mwenye duka la matairi, na darasa likadakia. Kanta akisimama kusoma, nyuma kunakoroma vyura. Chinatsu alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu alitabasamu, akasema watazungumza na watoto kuhusu upendo. Wakazungumza. Vyura wakahamia uwanjani.

Vuli ilipofika, fomu za mbio zikagawiwa shuleni. Kanta aliiweka ya kwake chini ya bakuli la wali la mama yake.

"Tukimbie tena," alisema.

"Ya nini, mwanangu? Siku hiyo tubaki nyumbani, nitakuchomea mochi za mchele."

"Tukibaki nyumbani watasema chura amejificha." Alikuwa na miaka saba, na aliongea akitazama meza. "Mimi mwaka huu silipandi lile basi. Hata nikifa."

Bi Sumie alikuwa upande wa pili wa meza, anachambua mifupa ya samaki. "Watakimbia nini hawa," alisema, kama anayezungumza na samaki. "Mama huyu hajamaliza chuo, hajamaliza leseni, hajamaliza mume. Na mwana ukoo ni huo huo."

Ndipo Chinatsu alipopandwa na hasira, hasira ya kweli, ile inayokuja polepole kwa watu wapole na ikija haiondoki. Mwenyewe alizoea kusemwa. Alikuwa ameyameza yale maneno miaka mingi kama dawa ya homa. Lakini kumwona mwanawe anarithishwa, hapana. Alichukua kalamu akaandika majina yao pale pale, wino ukapenya hadi kwenye meza.

Wakaanza kufanya mazoezi jioni, baada ya kazi, kwenye tuta la mto. Chinatsu ni mwanamke mnene, tusifichane, na wiki ya kwanza alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume. Wanawake wa bandani walimcheka waziwazi. "Mama Kanta, unakimbia mbio au unafukuzwa na deni?" Akasema anafukuzwa na chura, wakacheka zaidi, naye akacheka nao, lakini jioni ile ile akarudi kwenye tuta. Kanta alikimbia mbele, akageuka, akamngoja, akakimbia tena. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa hashikwi na kichomi.

Asubuhi ya mbio upepo ulikuwa unasukuma watu. Baba Tessei, ambaye pia ni mkuu wa kamati ya vijana, alikuwa anawaongoza wazazi wote kunyoosha viungo kwa kipaza sauti. Alipowaona Chinatsu na mwanawe akakishusha kipaza.

"Mama Kanta, karibu sana. Basi mwaka huu tumeliwekea hita mpya."

"Vizuri," Chinatsu akasema. "Usilikose."

Bi Sumie alikuwa kwenye hema la chama cha wanawake, anakoroga sufuria kubwa la supu ya nguruwe na liki ambayo hupewa kila anayefika. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani na hakumtazama bintiye. "Nitawawekea bakuli mbili," alisema. "Mkifika."

Bastola ikalia. Wakaondoka nyuma ya wote, kwa sababu ndivyo walivyopanga, polepole, mkono kwa mkono. Mbele yao Baba Tessei alichomoka kama gari lililokatika breki, Tessei ananing'inia mkononi, miguu inagusa ardhi kwa zamu. Kina baba wengine hivyo hivyo. Chinatsu na Kanta wakapita mashamba ya liki, wakapita hekalu, wakalipita lile jiwe alipokaa Kanta mwaka jana kulia. Kanta hakuligeukia hata kidogo. Chinatsu aliliona, na moyo wake ukafurahi kiasi kwamba akaongeza mwendo, na hilo ndilo lilikuwa kosa.

Juu ya daraja kigimbi cha mguu wa kushoto kikakaza, kikaruka, na maumivu yakapanda hadi kiunoni. Akashika ukingo wa daraja.

"Kanta, nenda. Wewe unaweza, nenda."

"Nikifika peke yangu sijafika."

"Wataelewa."

"Nani ataelewa?" Mtoto akanyoosha mkono wake wenye glavu. "Nishike. Uchechemee. Mimi nitakwenda kama wewe."

Basi wakachechemea. Wakavuka daraja, na kabla ya kona ya posta wakasikia injini nyuma yao, taratibu, na honi ndogo ya heshima. Sihitaji kuwaambia ilikuwa nini.

Mlango ukafunguliwa, joto likatoka. Mzee Kubodera, mwenye bendera ya njano, akateremka akainama. Ni mtu muungwana, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Mmejitahidi sana, Mama Kanta. Karibuni ndani mpumzike."

Nitasema ukweli: mguu wa Chinatsu ulikwishainuka kuelekea ngazi. Ndiyo mazoea. Mtu aliyezoea kuacha katikati, mguu wake huijua njia. Lakini Kanta alikuwa haangalii mlango, alikuwa anaangalia dirisha. Kiti cha tatu alikaa Tessei, goti limefungwa bandeji inayovuja damu, amevuta kofia hadi puani. Pembeni yake baba yake, mikono ameikunja kifuani. Alimburuta mtoto hadi akaanguka kifudifudi karibu na hekalu, na mtoto akagoma kusimama; Chinatsu na Kanta walipopita, wale wawili walikuwa wameketi nyuma ya ukuta wa hekalu. Watu wa hekaluni walinihadithia baadaye.

Baba Tessei akafungua dirisha. "Mama Kanta, panda, unachelewesha watu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Chinatsu akashusha mguu.

"Basi mimi si mshindani," akasema. "Endeleeni na safari yenu."

"Dada yangu," Mzee Kubodera akasema kwa upole, "sasa hivi polisi wanafungua barabara. Magari yanakuja. Siwezi kuwaacha hapa."

Kanta akanyoosha kidole pembeni. "Kule si watu wanapita kila siku?"

Mzee akatazama njia ya waenda kwa miguu kana kwamba haijawahi kuwepo. Akafikiri. "Wanapita," akakubali. "Lakini mkipita kule hampo tena kwenye mbio. Itabidi nichukue namba zenu."

Chinatsu akachomoa pini moja baada ya nyingine. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini hakuharakisha. Akaikunja ile namba, akachukua na ya mwanawe, akampa mzee kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Namba chukua," akasema. "Miguu ni yetu."

Chura akaondoka. Mama na mwana wakapanda kwenye njia ya pembeni, yeye anachechemea, mtoto anapima hatua zake kwa za mama yake. Kwenye makutano ya benki taa ikawa nyekundu. Magari yalikuwa bado hayajafika, barabara tupu kama kiganja. Chinatsu, kwa hasira aliyokuwa nayo, angevuka. Kanta akamrudisha nyuma.

"Nyekundu," akasema.

Wakasimama. Upepo unawapiga, muda unakwenda, nao wamesimama wima mbele ya barabara tupu. Msicheke, sisi ndivyo tulivyo. Mtu wa Okunuma anaweza kuiasi kamati nzima ya mbio, lakini taa nyekundu haivuki. Ikaja kijani, Kanta akanyanyua mkono juu kama wafundishwavyo watoto wote, wakavuka.

Uwanjani, mbio zilikoanzia, mambo yalikuwa yamekwisha. Kipaza sauti kilikuwa kimeshatangaza kwamba wote wamerudi salama. Abiria wa chura walikuwa wameshashuka, wanapangusa pua. Vijana wawili walikuwa wamezima feni inayolijaza upepo tao la plastiki la mwisho wa mbio, nalo likaanza kulala upande, mmoja akashika kamba aanze kulikunja.

"Acha hiyo kamba."

Alikuwa Bi Sumie. Ametoka hemani na upawa mkononi, supu inadondoka kwenye viatu vyake.

"Bibi, mbio zimekwisha," kijana akasema. "Wametangaza."

"Wametangaza wao. Mimi nimebakiza bakuli mbili na binti yangu hajafika. Washa hiyo feni."

Kijana akamtazama mwenzake. Bi Sumie anawajua mama zao na bibi zao na kila walichowahi kuvunja. Feni ikawashwa. Tao likainuka kwa shida, likasimama limepinda, na chini yake mstari wa chokaa ulikuwa bado upo.

Chinatsu na Kanta wakaingia langoni. Mtu mmoja kwenye hema la supu akaanza kupiga makofi. Chinatsu hakusikia. Alikuwa anautazama mstari. Alisema baadaye kwamba aliogopa, kwamba hatua ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko daraja, kwa sababu hakujua mtu akimaliza kitu huwa anafanya nini tena. Kanta akaubana mkono wake. Wakavuka.

"Haihesabiwi," Baba Tessei alisema kutoka kando, si kwa ubaya sana, kama mtu anayesoma kanuni. "Namba hawana."

Bi Sumie akamgeukia. "Nani kakuomba uhesabu?"

Halafu akampa bintiye bakuli. "Imepoa," akasema. "Ungewahi."

"Nimefika, mama."

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Kanta alikuwa anakunywa yake alipomwona Tessei amesimama karibu, goti linavuja, anaangalia mstari. Chinatsu alijua kinachokuja, na hakuwa na nia ya kumzuia mwanawe. Baada ya mwaka mzima wa kukoromewa, mtoto alikuwa na haki ya kukoroma mara moja. Kanta akafuta mdomo.

"Haujafutika," akasema. "Unaona? Uko pale pale."

Tessei akamwendea baba yake, akamnyooshea mkono. Yule bwana akatazama watu, akatazama basi, akatazama viatu vyake. Mtoto hakuuondoa mkono.

"Bibi, tuzime sasa?" akauliza kijana wa feni.

"Bado," akasema Bi Sumie, akarudi hemani kutafuta bakuli nyingine mbili.