Mkate wa Jumamosi ya Umuganda

Nilikwenda Kigali kwa sababu ya mkate. Majirani zangu hapa Ngara waliponiuliza nilisema nakwenda kutazama vitenge, maana niliona aibu kueleza kwamba mtu mzima anavuka mpaka kwa ajili ya kitu kinachouzwa kila duka.

Dada yangu Konsolata alifanya kazi Kigali kwa miaka kadhaa. Huko aliacha nyama, mayai na maziwa, na baba, ambaye ng'ombe wake wote anawaita kwa majina, alimwuliza ukoo umemkosea nini. Hata hivyo kila Jumapili ya mwisho wa mwezi Konso alikuja nyumbani na mkate wa viazi vitamu kutoka mkahawa mdogo wa Kibagabaga, usio na hata tone la maziwa, na baba ndiye aliyekata kipande cha kwanza. Kisha Konso akapata kazi Norwei. Huu ni mwaka wa pili hajaja. Jumapili ya mwisho wa mwezi mama bado anachemsha chai mapema, anaweka sinia na kisu mezani, halafu anaviondoa.

Mimi naoka. Nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na kama watu wengi waliojifundisha, naogopa kila hatua. Nina saa ya mkononi niliyoitenga kwa kazi hiyo. Unga uliokandwa ukizidisha muda wa kuumuka hata kidogo, nawatupia kuku. Mwaka mzima nilijaribu kuutengeneza mkate ule wa Konso. Wangu ulikuwa laini, umeumuka vizuri, na mama aliula kwa adabu, kama mgeni.

"Mzuri," alisema. "Siyo ule, lakini mzuri."

Konso hakuweza kunisaidia. Alikuwa mnunuzi, hajui hata hamira inafananaje. Basi nikaamua kumfuata mwokaji mwenyewe, nimwonyeshe mkate wangu, aniambie ninapokosea. Nikapanga nirudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku ile ile ya dada.

Ijumaa asubuhi nilifika Rusumo. Nilikuwa nimeufunga mkate wangu kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga tena juu yake mwingine, na hapo mpakani dada wa ukaguzi aliichukua yote miwili kwa upole, maana Rwanda hawaitaki. Mkate ukabaki uchi mkononi mwangu mbele ya foleni nzima. Niliuviringisha kwenye kitenge changu, na hapo nikakumbuka kwamba ndivyo Konso alivyokuwa akija nao, kwenye kitenge. Nilidhani ni madaha ya Kigali tu.

Mchana basi lilipanda na kushuka vilima, Kibungo, Kayonza, Rwamagana. Niliketi dirishani nikiwaza kwamba dada yangu aliijua kila kona ya barabara hii, na kwamba sikuwahi kumwuliza hata mara moja safari ilikuwaje. Jioni nilishuka Remera, nikalala kwenye nyumba ya wageni ya masista.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki nikashuka chini ya hospitali ya Kibagabaga, kama Konso alivyonielekeza: geti la kijani, mparachichi ndani. Saa yangu ilisema saa mbili, saa ya kufungua. Mwanamke mnene mwenye kilemba alikuwa anatoka getini na jembe begani, anafunga kufuli.

Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kula. Akacheka.

"Saa moja hii, mama. Na leo ni umuganda. Kwenu hawakukuambia?"

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nguo, nauli, maswali ya kumwuliza. Nikasahau kwamba Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi mji mzima unafunga milango asubuhi watu wakafanye kazi ya pamoja mtaani. Machozi yalinikaribia. Nikaanza kueleza habari zangu zote pale getini, mpaka, mkate, dada, na yeye akanisikiliza huku akiangalia viatu vyangu. Jina lake ni Espe, Mama Espe kwa majirani, na ndiye mwokaji mwenyewe. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kina mwendo wa huko.

"Jembe iko ingine," akasema. "Utangoja ukiwa unafanya nini? Kuja."

Tulizibua mtaro wa maji ya mvua. Jirani yake, fundi seremala aitwaye Karangwa, alitazama ninavyokata ukingo wa mtaro nikitaka unyooke, akamwuliza Mama Espe kwa Kiswahili, ili nisikie, amemtoa wapi huyu anayeupaka mtaro poda. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa niliendelea kuunyoosha. Katikati ya kazi niliuliza kuhusu mkate. Mama Espe akasema unga aliukanda alfajiri, uko ndani kwenye ndoo.

"Tangu alfajiri?" nikauliza. "Nani anautazama?"

"Nani amutazame? Nayo iko kwenye umuganda yake."

Sikupata raha tena. Kazi ilipokwisha nilishika jembe niende, kumbe kuna mkutano. Watu waliketi kwenye nyasi, wakazungumza Kinyarwanda kuhusu taa za barabarani, kisha kuhusu mbwa wa mtu fulani, na yule mbwa aliwachukua muda mrefu kuliko taa. Mimi niliwaza ndoo. Nilijua kabisa kinachotokea mle ndani.

Mchana tukafungua jiko, na ilikuwa kama nilivyoogopa. Unga ulikuwa umepanda mpaka kifuniko, ukachoka, ukazama katikati, na ulinuka uchachu. Ningekuwa nyumbani kuku wangeshiba. Mama Espe aliupiga ngumi, akachanganya viazi vitamu vilivyopondwa na ufuta, akaugawa kwa macho tu. Alinisimulia kwamba alianza kuoka hivi kwa ajili ya mwanawe, ambaye maziwa na mayai vilimvimbisha uso. Vijana wa ofisini wakaja baadaye wakasema huo ni ulaji wa kisasa, naye akawaachia waseme. Kisha akaonja mkate wangu.

"Hii iko muzuri kushinda yangu," akasema, na hakuwa anatania. "Ya leo ni ya umuganda, inachacha kidogo. Kuja siku ingine utapata ya kweli."

Mkate ulipotoka tuliukata ukiwa moto. Nilitia kipande mdomoni, na nilikuwa Ngara, Jumapili jioni, begi la Konso sakafuni, baba akijifanya hana haja ya kipande cha pili. Ulikuwa ule. Mwisho wa mwezi ndiyo siku aliyopata ruhusa Konso, na mwisho wa mwezi ndiyo siku unga huu unapoachwa peke yake. Hatukuwahi kuonja mwingine.

"Konso?" Mama Espe alisema nilipomtaja. "Yule wa kucheka? Alikuwa anakaa pale, begi tayari, anagonga meza. Anasema haraka, mama yangu ameisha weka chai."

Niliketi pale, meza ya dirishani, mabati ya hospitali yaking'aa ng'ambo. Nilipiga picha ya meza na mkate, nikamtumia Konso. Akajibu kabla sijameza.

"Toka kwenye kiti changu."

Baadaye akatuma ujumbe mwingine. "Kaa. Kaa kidogo kwa niaba yangu." Nikakaa mpaka chai ya tangawizi ikapoa.

Jumapili jioni niliingia nyumbani. Sinia lilikuwa mezani, na kisu. Niliufungua mkate wa Mama Espe kwenye kitenge, baba akakata. Mama alitafuna, akaacha kutafuna, akatazama mlango niliokuwa nimeuacha wazi nyuma yangu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama nami nimeomba kazi huko.

"Hapana, mama. Nilikwenda kuuliza unavyookwa."

"Basi?"

"Basi nimejua."

Akavuta sinia karibu yake, akachukua kipande kingine.

Mwisho wa mwezi uliofuata nilikanda unga alfajiri, nikaufunika, nikamfuata mama shambani kupalilia maharage. Saa nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilitazama jua mara nyingi kuliko nilivyopalilia, na mama aliona.

"Uache," akasema. "Twende mpaka mwisho wa mstari."