Nilivyomkatalia Dereva Nikampokea Daktari wa Ng'ombe

Mimi ndiye niliyemkatalia dereva. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana majirani zangu hapa Ihanja wana midomo, kama mimi.

Mjukuu wangu alikuwa na wachumba wawili. Wa kwanza dereva wa lori, anapita hii barabara kubwa kwenda na kurudi. Nikasema hapana. Ndoa za madereva nimeziona zinavunjika mpaka nimechoka. Wachimba dhahabu nao hivyo hivyo, akisikia kuna shimo jingine huyo kahama, na mke mwingine kampata huko huko. Wa pili wakasema daktari. Eh! Nikapiga vigelegele, daktari analala kwake, ndoa haivunjiki. Sikuuliza daktari wa nini.

Kumbe wa ng'ombe! Tena wa kupandikiza mbegu. Anakuja na pikipiki na mtungi wake wa baridi, anavaa glavu mpaka begani, anaingiza mkono kwa ng'ombe huko nyuma, mkono wote jamani, anachota mavi kwanza, halafu ndiyo anapitisha mrija wa mbegu. Mimi nimekua zizini, nyumba nimekandika kwa mavi, lakini hilo nililitazama mara moja tu nikatema mate mpaka yakaniishia.

Basi, hawajamaliza miaka miwili, mjukuu huyo hapa na begi.

"Bibi, nimeshindwa. Nataka talaka."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Nani amtake?"

Nikajua ni ule mkono. Nikamkalipia. "Mkono unanawika! Babu yako alikuwa mchinjaji, anaingia ndani na damu kwenye kucha, na mama yako nikamzaa!" Kesho yake nikapanda naye basi mpaka kwao Kinyangiri. Nilishapanga kwamba nitakula na huyo mwanaume sahani moja, mjukuu aone, aone aibu, abaki.

Tukafika mchana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mke mwenzangu amechoka, nimekuja mimi kushika zamu."

Akacheka, lakini macho yako kwenye begi la mkewe. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili. Nikasema moyoni, si unaona, mtu msafi. Ukaja ugali wa mtama na mlenda. Nikakata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni.

"Bibi," akaanza, uso umechangamka, "leo asubuhi nimepata ng'ombe mmoja! Katoa ute safi, unavutika kweli kweli." Akanyanyua tonge lake juu, mlenda ukavutika kutoka bakulini mpaka kidevuni kwake. "Kama huu! Ukiuona hivi haukatiki, ujue anataka dume."

Akameza.

Mimi langu halishuki wala halitoki. Nilitoka mbio, nikashika ukuta wa choo, vilivyofuata sisemi.

Mjukuu akaniletea maji. "Mkono ananawa, bibi. Ni mdomo. Asubuhi usaha, mchana kondo la nyuma lililooza, jioni mavi. Kila siku, tukiwa tunakula."

Nikarudi ndani nikipangusa mdomo. "Wewe mwanaume, mkeo anakuacha kwa ajili ya hayo maneno!"

Akamgeukia mkewe. "Mbona hujaniambia?"

"Mara ngapi nakwambia, mume wangu, kula kwanza?"

"Si nilijua hutaki chakula kipoe!"

Nikatoa hukumu. Ng'ombe asiingie kwenye chakula. Akaapa. Nikabaki hapo kumlinda.

Jamani, yule mtu hana maneno mengine! Siku ya kwanza akasema mvua imechelewa, basi, akamaliza. Siku ya pili akasema tena mvua imechelewa. Siku ya tatu hata mvua hakuitaja. Anatafuna, anatazama ukuta, ananawa, anatoka. Nyumba imekuwa kama ina msiba. Mjukuu hafungui begi wala halichukui.

Siku ya nne mjukuu akaweka chakula, akakaa, akamgeukia mumewe.

"Yule mtamba wa kwa mchungaji," akasema, "si ulikwenda kumpima mimba? Ameshika?"

Mwanaume akanitazama mimi kwanza. Nikajifanya nakata tonge.

"Ameshika!" Mdomo huo ukafunguka. "Nimeingiza mkono, nikapapasa taratibu, nikamgusa ndama mwenyewe humo ndani!"

Nikabeba bakuli langu nikahamia jikoni kwenye kuku, nikawapa hao wawili mgongo. Lakini masikio nayafunika na nini? Nikamsikia mjukuu wangu, mtoto niliyemlea mwenyewe, mdomo umejaa ugali, anauliza:

"Ana ukubwa gani?"

"Kama panya."

Na wakaendelea kula! Nikawamwagia kuku mlenda wangu wote, nikafunga khanga, nikaenda kutafuta basi. Hao hawaachani ng'o. Uchafu mtupu.