Hoteli ilitaka bia yangu ya mtama, ila ikamwonea aibu shangazi aliyenifundisha

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa, na chumvi siongezi.

Mimi ni mama mtu mzima, Mnyarwanda niliyekulia Bukoba. Nina kiwanda kidogo cha bia huku Kabuga. Kiwanda ni neno kubwa: ni matanki matatu na wafanyakazi wawili. (Kibali ninacho, kabla hamjauliza.)

Bia yetu ni ya mtama, ina uchachu kidogo na asali kwa mbali.

Aliyenifundisha ni shangazi Speciose, ambaye amepikia harusi za watu ikigage, pombe yetu ya mtama, tangu usichana wake. Jina lake liko kwenye lebo.

Mwaka jana hoteli moja mjini ikatuita. Tukaenda wote wawili, shangazi kavaa kitenge cha kanisani.

Meneja akaonja. Akaonja tena. Akamwita mpishi wake, wakamaliza chupa.

Kisha akasema: "Madamu, bia iko nzuri sana. Lakini hii jina iko ya kijijini. Tuweke ya Kizungu, tuseme mwenye kuitengeneza alisomea Ubelgiji."

"Nani alisomea Ubelgiji?"

"Hakuna mtu. Ni maneno ya wateja tu."

Nikamwonyesha shangazi. "Mwenye kuitengeneza ni huyu hapa."

Jamaa akacheka, akatazama saa.

Shangazi, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri tu, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, mtama unalowekwa siku ngapi?"

Meneja akamgeukia mpishi wake.

"Basi huyo wa Ubelgiji akifika, mwulize."

Tukabeba kreti zetu tukaondoka.

Sitawadanganya, ilituuma. Matanki yalikaa yamejaa, mfanyakazi mmoja akaacha kazi, na mimi nililia chooni kama mtoto.

Lakini lebo sikubadilisha.

Nikaanza kufungua milango Jumamosi mchana, watu waje waone bia inavyotengenezwa. Shangazi anawatafunisha kimea kwanza, ndipo anawamiminia. Walianza wanne. Sasa mabenchi hayatoshi, na baa mbili za Kimironko zinachukua bia yetu ikiwa na jina lake.

Mwezi uliopita yule meneja kapiga simu, eti jina halina shida tena. Nikamwambia aje Jumamosi, akae benchi kama wengine, amsikilize shangazi.

Hajatokea. Na mimi simfuati.

Nilichojifunza: mtu akipenda kazi ya mikono yako halafu akataka mikono yenyewe ifichwe, mwache aende.

Haya, pongezi na matusi yote nasoma. Ila mjibu kwa ukweli: wangapi hapa mngekubali ile Ubelgiji?