Betoni ya Majivu

Nilipojenga kaburi la mke wangu, badala ya sehemu ya simenti nilitia majivu ya kiwanda cha sukari, yale yanayobaki wakishachoma makapi ya miwa. Mimi ni masoni, fundi wa kujenga. Najua simenti inaokwa kwa moto mkubwa unaochafua hewa, na majivu hayo yanatupwa bure. Shemeji zangu waliwaka: "Weye, dada yetu unamufunika na takataka?" Takataka ni midomo yao. Tangu siku hiyo hawakanyagi kwangu Mulongwe.

Betoni ya majivu, zege hiyo, inakomaa polepole, inataka kunyweshwa. Kila asubuhi nilibeba bidoni la maji, nikainywesha huku nikimpa mke wangu habari za nyumba. Leo nimeigonga kwa nyundo, ikalia kama chuma. Haihitaji tena maji.

Kesho nitabeba bidoni vilevile.