Kura Iliyobaki Jikoni

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji ya mwisho inayeyuka na barabara ya kupandia kilima cha Stannard imegeuka uji. Noreen Desrochers anashusha kisu cha greda lake la manjano na kuanza kusawazisha mifereji iliyochimbwa na magurudumu, polepole, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate unaopukutika.

"Likikoroma hivi halina neno," anasema akipigapiga usukani. "Likinyamaza ndipo naogopa."

Greda lina miaka 27. Noreen ana miaka 58, na 31 kati ya hiyo ameimaliza kazini, peke yake, kwenye kilomita 68 za barabara za udongo za Corwin Gap, mji wa Marekani wenye watu wasiofika mia saba, karibu na mpaka wa Kanada.

Tangu Machi analipwa saa 20 kwa wiki badala ya 40, dola 23 kwa saa. Kilichozikata saa hizo ni kura moja tu, tena kura hiyo ni yake mwenyewe.

Corwin Gap hupitisha bajeti yake ukumbini, Jumanne ya kwanza ya Machi. Watu husimama wahesabiwe, kisha hula maharage ya kuokwa na pai meza moja na wale waliowapinga. Mwaka huu hali ilikuwa ngumu. Bunge la jimbo na gavana walikuwa wakivutana juu ya bajeti tangu Januari, na fedha za barabara za miji midogo zilikwama humo humo. Mji ukabaki na njia moja, kupandisha kodi ya ardhi.

Mwenyekiti alipotaja kifungu cha kodi ya barabara, chenye mshahara wake ndani, Noreen aliinuka akaenda jikoni kuosha vyombo. Ndivyo alivyofanya baba yake, aliyeendesha greda kabla yake. Sheria haimzuii mtu kupigia kura mshahara wake, baba alimzuia.

Kupitia dirisha la kupitishia chakula alisikia matokeo: ndiyo 87, hapana 87. Kifungu kikipata sare, kimeanguka.

"Ukumbi mzima uligeuka kunitazama," anakumbuka. "Nikaendelea kusugua sufuria. Nililia baadaye, ndani ya gari, pasipo mtu."

Kura ya marudio ni Mei 14. Kifungu kikianguka tena, greda litauzwa na barabara zitapewa mkandarasi wa mji ulio kilomita sitini kutoka hapa. Noreen hatakuwa na kazi.

Wapo wanaomwita mkaidi. Mwandishi wa habari hii amekaa miaka mingi akiripoti wakubwa wanaojipigia kura za posho bila hata kupepesa macho, na mbele ya mwanamke huyu amevua kofia.

Saa zake chache anazianzia hapa, kwenye barabara ya Merle Stannard, mfugaji wa miaka 74. Ndiye aliyesimama wa kwanza Machi kusema hapana.

"Lori la maziwa linakuja saa mbili," Noreen anaeleza. "Lisipofika, anamwaga maziwa. Ng'ombe wake hawakupiga kura."

Merle yuko getini na kikombe cha kahawa. Noreen anasimamisha greda na kushuka.

"Umechelewa, mama!"

"Nimechelewa saa ishirini, mzee. Muulize aliyezikata."

Mzee anacheka mpaka kahawa inamwagika. Kisha uso unabadilika.

"Kodi inapanda kila mwaka, bei ya maziwa imeshuka. Waheshimiwa wakigombana huko, mzigo nibebe mimi? Sikukukataa wewe, Noreen. Nilikataa kubebeshwa."

"Najua. Na Mei utasemaje?"

"Siwezi kusema ndiyo. Ningekuwa naongopa." Anampa kikombe. "Lakini wewe kapige kura yako, bwana! Acha ukaidi. Ni haki yako!"

"Nitaosha vyombo."

"Vya watu wote wale? Peke yako?"

"Mwaka wa thelathini na moja huu."

Merle anatazama barabara, tope limelala sawa hadi kwenye mlango wa zizi lake.

"Basi mimi nitafuta," anasema.

"Utafuta nini?"

"Vyombo. Kifungu chako kikitajwa, nakuja jikoni. Ndiyo siisemi. Ila hapana nayo sitaisema tena, maana nilipita kwenye barabara uliyoisawazisha wewe kwenda kuisema."

Noreen anakunywa kahawa yote iliyobaki, hata mashapo, huku amegeuzia uso upande mwingine. Anaporudi juu ya greda macho yake ni mekundu, lakini sauti ni ile ile.

"Njoo na aproni yako, mzee. Yangu haikutoshi hilo tumbo!"

Dakika chache kabla ya saa mbili, lori la maziwa linapanda kilima bila kukwama.

Mzee akiwa jikoni, hapana zitabaki 86 dhidi ya ndiyo 87. Noreen hataki kushangilia mapema. Wale wengine 173, anasema, wana akili zao na wanaweza kugeuka. Anachoomba ni miaka minne zaidi na greda lake, kisha astaafu kwa hiari yake.

Lakini jioni ya siku hiyo alipitia ukumbini, akapigilia msumari mpya kando ya sinki la jikoni. Ameshatundika taulo la pili.