Siku Niliyomshika Beberu kwa Mtindo wa Mbwa

Nacheka sasa kwa sababu nimechoka kulia, lakini aibu yenyewe bado ipo, jamani, ipo nzima kabisa, hadi leo nikipita soko la mifugo hapa Griftu lazima mtu mmoja atajaza hewa shavuni kama ana jipu halafu aniulize, "Waryaa, we kijana, beberu hajambo?" nami nitajifanya napokea simu.

Nianze na Adeer Nur. Huyu ni mdogo wa marehemu baba yake Hibo, yaani baba mdogo, adeer kwa Kisomali, na ndiye anayepaswa kukubali ndipo nimwoe Hibo (Hibo mwenyewe alishakubali, naomba hilo lisisahaulike). Tulipokwenda kuposa alitupa chai ya maziwa ya ngamia, akanitazama, akaniuliza swali moja tu: "Unatafuna?" Alimaanisha miraa. Kaka mkubwa wa Hibo aliharibiwa na miraa mpaka mifugo yote ikaisha, kwa hiyo nyumba ile haimtaki mtafunaji. Nikasema, "Sitafuni, Adeer, wallahi." Na ilikuwa kweli. Akasema jibu atatoa baada ya maonyesho ya mifugo, kwani yeye ndiye jaji wa mbuzi na kichwa chake kimejaa.

Mtu mwingine angesubiri. Mimi ni mtu wa kupiga pasi shati ambalo limeshapigwa pasi, kusubiri sijui, kwa hiyo nikaamua beberu wetu Adde ataingia mashindanoni, mimi mwenyewe nitamshika kamba, na Adeer ataona jinsi nilivyo mtu makini. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kumwonyesha mbuzi, nikatafuta kwenye simu, na video zote nzuri zilikuwa za mbwa. Ndiyo, mbwa. Nilizitazama nyuma ya choo, sauti nimeifunga kabisa ili Mama asisikie kubweka.

Niliyoyaona yalinitoa jasho. Kumbe jaji hamtazami mbwa peke yake! Mshika kamba akitembea kwa madaha, mbwa naye anaonekana wa madaha, akimpanga miguu vizuri hata mgongo uliobonyea unaonekana umenyooka, na akimtabasamia jaji bila kuchoka, jaji anaanza kumtazama yeye, na alama zinafuata hukohuko. Tena wengine huficha kipande cha nyama mdomoni ili mikono iwe huru, basi mbwa anaukodolea macho ule mdomo, kichwa kinainuka, masikio yanasimama, utadhani ni mfalme. Sehemu ile niliirudia mpaka betri ikaisha.

Sasa Adde hali nyama. Nikajaribu mahindi, akanipa mgongo. Nikajaribu sukari, akapiga chafya. Halafu siku moja tukapita nyuma ya kibanda cha miraa, pale wanapotupa majani magumu, na Adde akainua kichwa, masikio mbele, miguu minne imesimama kama ya meza. Nikasema alhamdulillahi, nimepata. (Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona, kwangu yale yalikuwa majani ya mbuzi tu.)

Siku yenyewe nilivaa kanzu nyeupe, nikabana fungu la majani shavuni, nikaingia ndani ya uwanja. Na mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo, Adde alitembea akinikodolea shavu na watu wakaanza kusema mashallah, mashallah, Mama yuko mbele kabisa na wanawake wenzake, Hibo nyuma yake na shangazi zake. Nami natabasamu. Adeer Nur anampapasa mbuzi wa jirani, mimi natabasamu upande ule. Nikaona ananitazama kwa muda mrefu, nikajisemea moyoni, inafanya kazi, nikaongeza, nikatoa meno yote. Sikujua kwamba jani likikaa mdomoni linatoa maji, na kwamba maji yale ni ya kijani.

Akaja akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, miguu, kamba, tabasamu, isipokuwa kitu kimoja ambacho kwenye video za mbwa hakipo.

"Assalamu aleikum," akasema.

Salamu hiyo haiachwi bila jibu, tena mbele ya watu, tena ikitoka kwa mzee unayemtaka binti yake. Nikajaribu kumeza, koo likakataa. Nikafungua mdomo, "Wa aleiku—" na fungu zima likatoka, likatua kifuani pa shati lake jeupe, likabaki pale.

Mbuzi wengine wakaendelea kutafuna. Mtangazaji akashika kipaza sauti chake kama aliyekuwa akiingoja siku hiyo: "Wananchi, mshika kamba anatafuna!"

"Si yangu!" nikapiga kelele. "Ni ya mbuzi!"

"Anasema ni ya mbuzi!"

"Hata mume wangu akikamatwa husema hivyohivyo!" akajibu mama mmoja muuza maziwa, na hapo kicheko kikapasuka, na Adde, ambaye alikuwa amevumilia vya kutosha, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaniwekea kwato mbili kifuani, akavuta jani la mwisho lililonasa kwenye mdomo wangu.

"Kumbe wanakula sahani moja!"

Ningenyamaza. Kwa nini sikunyamaza? Mtangazaji alinisogezea kipaza sauti, nami nikasema ndani yake, Griftu nzima ikasikia, "Ni mtindo wa mbwa! Nimejifunza kwa mbwa!" Mama akajifunika uso kwa mtandio. Hibo sikuthubutu kumtazama.

Adeer Nur alijifuta shati taratibu. Akapitisha mkono mgongoni mwa Adde, akamfungua mdomo, akakagua meno. Halafu akanigeukia. "Na wewe fungua."

Nikafungua. Mbele ya watu wote nikafungua mdomo kama mbuzi, akachungulia, akasema, "Funga."

Adde alikuwa wa kwanza. Utepe alipewa Mama mkononi, mimi nikarukwa. Kisha Adeer akaniita nyuma ya lori la maji.

"Hutafuni," akasema. "Mtafunaji hakabwi na jani. Hilo nimeamini."

Nikadakia, "Asante, Adeer, basi—"

"Nyamaza. Beberu wako nilishamaliza naye tangu alipoingia getini. Wewe ndiye uliyenisumbua. Kila nikitaka kumwona mbuzi, wewe na meno yako mko mbele yangu, mpaka nikajiuliza, huyu kijana anamfichia mbuzi kasoro gani? Na nyumbani kwangu ulikuja hivyohivyo, umejipanga miguu. Sasa Hibo nimkabidhi nani? Mimi bado sijakuona."

Nilitamani anitukane tu.

"Rudi baada ya mvua," akasema. "Uje umetoka machungani, umechoka. Nikuone."

Mvua imenyesha, majani yameota, na kesho ndiyo siku. Nimeapa sitamtengenezea mtu sura yangu tena, nimeapa kwa moyo wote, na leo asubuhi Mama amenikuta nyuma ya nyumba nikiipaka kanzu vumbi, kidogo kidogo, mabegani zaidi, ili ionekane nimetoka machungani. Amenirushia ndala, imenipata shingoni. Nimeifua kanzu, nimeianika, na sasa nakwenda kuwafungulia mbuzi, niwapeleke machungani kweli.