Upele wa Baba na Mihogo ya Kikagate

Juzi nilikuwa Mbarara, kwenye duka la dawa, nimesimama kwenye mstari usiosogea, mama mmoja mbele yangu akafungua kikopo cha dawa ya upele ili ainuse. Ile salfa! Ilinipiga puani kama yai viza, nikaanza kujikuna katikati ya vidole palepale, mimi mzee wa kanisa, mbele za watu. Upele sina. Ni miaka zaidi ya ishirini sasa, na bado harufu ile inaniwasha.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msitegemee niwatajie vidudu kwa majina yao ya kisomi. Lakini shamba ninalolima leo nimelipata kwa mikono hii, hakuna aliyenionea huruma, na jinsi ugonjwa unavyohama, mtu kwa mtu na mti kwa mti, nilifundishwa na baba yangu. Alinifundisha bila kutaka.

Tulikaa Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa watu waliotoka Kivu Kusini kama sisi. Siku moja baba alirudi kutoka Kikagate na mzigo wa miti ya mihogo kwenye baiskeli, kaifunga kwa mipira kana kwamba amebeba mgonjwa. Akaikata vipande, akapanda. Iliota majani mapana, ya kijani kizito, hata wapita njia wakawa wanasimama. Baba hakuwa tena na ng'ombe wala nyumba ya bati kama kule nyumbani. Sasa alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mwaka uliofuata kila aliyeomba miti alipewa, na mbebaji nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na moja, fungu kichwani, nyumba hadi nyumba.

"Furaha, pelekea Mama Rebeka. Umwambie ni ile ya baba yako!"

Kana kwamba kuna ambaye hakujua. Mama Rebeka alikuwa mjane, jirani yetu wa karibu kabisa. Kipande chake cha shamba kilikuwa kimoja tu, naye akakijaza chote miti yetu.

Mihogo yake ilipofika kiunoni, kwetu uliingia upele. Uliletwa na binamu yangu aliyekuja kututembelea, tukalala wanne, kaka yangu Yona akiwamo, chini ya blanketi moja, wiki chache baadaye wote tunajikuna kama mbuzi penye ukuta. Nesi alimwambia mama neno moja rahisi: jipakeni wote siku moja, hata asiyejikuna, na nguo zote zichemshwe. Mama akachanganya salfa na mafuta ya mawese, akatupaka mpaka tukawa kama samaki wanaongoja kukaangwa. Zamu ya baba ikafika.

"Miye? Miye siko na upele. Nijipake ile kitu ninuke mbele ya batu?"

Basi. Tukapona, baada ya wiki chache upele ukarudi. Tukajipaka tena, ukarudi. Mara tatu! Mara tatu nilitafuta kuni za kuchemsha mablanketi, na mara tatu baba aliketi pembeni, mikono safi mapajani, akitulaumu kwamba hatujui kuoga.

Ndipo akapita afisa wa kilimo, Mnyankore mrefu mwenye buti, wa kumwita kila mwanamume ssebo, yaani bwana. Hakutazama majani hata kidogo. Aling'oa shina moja la baba, akapasua muhogo kwa kisu. Ndani palikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome.

"Ssebo, hii kitu ni mgonjwa. Ng'oa yote. Na wale umepatia miti, ambia wao wang'oe."

"Angalia majani basi! Iko muzuri!"

"Majani inadanganya, ssebo. Ugonjwa iko ndani ya ule mti unagawa."

Baba alimsindikiza kwa heshima zote, akarudi, akatukataza kusema neno. Alisema ni shina moja tu. Mama aliendelea kumenya mihogo yetu ya jioni, ambayo siku hizo ilikuwa ikipungua kwenye sahani.

Mvua zilipokaribia, Mama Rebeka aliniita nimsaidie kufunga mafungu. Alikuwa amekata miti yake mirefu, anampelekea binti yake aliyeolewa upande wa pili wa kambi, akapande naye. Alikuwa anaimba. Nilishika kamba, nikafunga fungu la kwanza. La pili mikono ikagoma.

"Mama Rebeka, chimba moja kwanza."

"Nichimbe nini? Bado kukomaa, weye mutoto."

"Chimba tu."

Alichimba huku akinicheka, akapasua. Akacheka tena kidogo. Akapasua wa pili, wa tatu, wa nne. Alikaa chini juu ya udongo, miguu kainyoosha, na mimi nikatamani anipige.

Hakunipiga. Aliweka ile mihogo kwenye beseni, akaja nayo kwetu, akaitua miguuni pa baba.

"Baba Yona, miye nimeona. Bale bengine benye ulipatia miti, nani atabaambia?"

Baba aliinuka. Kisha akavaa koti lake la kanisani, mchana ule wa jua kali, akatoka nyumba hadi nyumba kwa njia zilezile nilizobebea mafungu. Aliporudi, mihogo yetu na ya Mama Rebeka tuliing'oa pamoja, tukachoma miti, na mwaka ule tulikula mahindi ya msaada mpaka tukayachukia.

Lakini kabla ya kushika jembe alivua shati, akamwambia mama, "Leta ile salfa." Hapo ndipo nilipouona mgongo wake. Ulikuwa umechanwa kwa kucha tangu mabegani hadi kiunoni, makovu juu ya makovu. Miezi yote ile alikuwa anajikuna peke yake huko shambani!

Nilikasirika nikalia. Nimechelewa sana kuelewa kwamba hata kwenye mihogo alijua mapema, na mama pia: zile sahani zetu za muhogo zilizokuwa zikipungua, ni kwa sababu kila siku mama alikuwa anakata sehemu za kahawia na kuzitupa kimyakimya. Wote wawili waliona aibu. Nami nikibeba aibu yao kichwani, nikiipeleka kwa majirani, na kila mlango nikiambiwa asante.

Leo mtu akiniomba miti ya mihogo, namchimbia shina mbele ya macho yake na kupasua. Wananiona mkali. Na waone.